Tiki Niliyoitoa kwenye Simu ya Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa na wimbo mmoja wa taarabu aliokuwa akinipigia mie. Ulimsema mwanamke asiyezaa, na katika nyumba ile ya Tabata asiyezaa nilikuwa mie peke yangu. Nikishika ufagio asubuhi, anatoka barazani na simu, anaongeza sauti hadi mwisho. "Nasikiliza muziki wangu," anasema, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka wa tatu nikachoka. Siku moja aliingia kuoga akaiacha simu kwenye mkeka. Nikafungua programu yake ya muziki, nikaingia kwenye mipangilio. Kuna sehemu inayoonyesha folda zote za kwenye kadi ya kumbukumbu, kila moja na tiki yake. Ukitoa tiki, nyimbo za folda hiyo hazionekani tena, ingawa hazijafutika. Nikatoa tiki ya taarabu, nikairudisha simu palepale, nikaenda kuosha vyombo.

Kelele zilianza kabla ya adhuhuri. Mume wangu aliporudi kutoka kazini aliizima simu, akaiwasha, akachomoa kadi, akaifuta kwa shati, akairudisha. Akaiamuru programu itafute nyimbo upya. Wapi.

"Ajabu," alisema. "Kadi inaonyesha imejaa."

"Imejaa nini, na mie sioni kitu? Zimefutwa!"

Mama mkwe akamgeukia wifi yangu. Wifi alikuwa amerudi nyumbani baada ya talaka, na ndiye pekee aliyekuwaga ananiita tukale. Jana yake aliiazima ile simu ampigie mwanawe, aliyebaki kwa baba yake.

"Wewe ndiye uliyeishika. Umeachika huko, umekuja kuniharibia na kwangu."

"Mama, wallahi mie nimepiga simu tu."

"Kesho nisikukute hapa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia mkononi. Kurudisha tiki ni kazi ya nusu dakika. Nikajiambia mama atapoa. Hakupoa. Asubuhi nilimsaidia wifi kukunja nguo zake, tukakaa wote wawili juu ya begi ili zipu ifunge. Akanikumbatia, akaenda Madale kwa shangazi yake.

Baada ya wiki mbili mama mkwe akaniletea simu. "Hebu jaribu na wewe."

Nikajifanya nahangaika, nafungua huku, nafunga kule, halafu nikarudisha tiki. Nyimbo zikajaa kwenye kioo. Alifurahi hadi akapiga makofi.

"Zilikuwa zimefichika tu, mama," nilisema. "Hakuna aliyezifuta."

Akatelezesha kidole kwenye kioo.

"Basi usimwambie wifi yako," akasema. "Nyumba imetulia."

Kisha akauchagua wimbo ule ule, nami bado nimekaa pembeni yake.

Mwezi uliofuata nilimpigia wifi nikamweleza yote, tangu siku ya mkeka. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Siku ile unanikunjia nguo, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mama sasa anajua?"

"Anajua."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Mama nimemzoea," akasema. "Wewe nilikuwa nakuita mdogo wangu."

Akakata. Nimempigia Idi zote mbili tangu hapo. Simu inaita mpaka inakatika.