Tope lenye Kifuniko Chekundu

Pale Makambako, kando ya barabara iendayo Njombe, kuna chumba cha baridi cha kuhifadhia parachichi, na mlinzi wake ni Tarsis. Usimwonee huruma kwa lile koti lake refu, kazi anaipenda. Ujana wake wote aliumalizia kwenye misitu ya Njombe akipasua mbao, mpaka kiuno kikagoma. Ana tabia moja tu inayochosha watu: akishajua jambo, amelijua, kuuliza kwake ni aibu. Mkewe, Erica, alimpigia kelele miaka nenda rudi, akachoka.

Msimu huu, parachichi zilipopungua, tajiri wake akakodisha kona ya chumba kwa watafiti wa chuo. Wakaleta mabomba marefu ya plastiki inayoonyesha ndani, yamejaa tope. Tope! Tarsis alicheka mpaka akakohoa.

"Kamwene, mwanangu," alimsalimu Janeth, binti aliyewaongoza wenzake. "Kwani huko kwenu tope hakuna, mpaka mlifuate Ziwa Nyasa?"

Janeth naye akacheka, kisha akamweleza. Tope lile lilichotwa kilindini, kwenye sakafu ya ziwa, kama wenzao wanavyofanya baharini. Kila mwaka huacha mstari wake mwembamba juu ya ule wa mwaka uliopita. Lakini ukikuta mchanga wa ufukweni katikati ya tope la kilindini, ujue mteremko ulioko chini ya maji uliporomoka. Hapo maji huweza kujivuta nyuma, kisha yakarudi na kupanda mpaka kwenye nyumba za watu.

Tarsis akaacha kucheka. Binti yake, Anneth, ameolewa Ludewa, ufukweni mwa ziwa hilohilo, na nyumba yake iko hatua chache tu kutoka majini. Mwezi uliopita ardhi ilitetemeka huko. Anneth akabeba wanawe wawili akakimbilia Makambako kwa wazazi, na tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Mumewe, Timoth, alikuwa akipiga simu kila jioni: rudini nyumbani.

"Baba, nakusikiliza wewe," Anneth alikuwa amemwambia. "Ukisema nirudi, narudi. Ukisema nibaki, nabaki."

Mzigo huo ndio Tarsis alioingia nao kwenye baridi alasiri moja, peke yake, akainamia mabomba. Mistari aliiona, myembamba kama ile ya ndani ya msonobari. Na mchanga akauona: mikanda mizito ya kijivu. Upande wenye kifuniko chekundu mikanda ilibanana. Kuelekea upande wa pili ikapungua, ikaachana, mwisho likabaki tope tupu, laini, halina neno.

Sasa, kambini kwao Tarsis kila gogo lilipakwa rangi nyekundu upande wa shina. Nyekundu ni chini, hilo halina mjadala. Na kama nyekundu ni chini, basi mchanga ule ni wa enzi za mababu, na lile tope laini ndilo la siku hizi. Ziwa limetulia! Alitoka nje akijisugua viganja kwa furaha.

"Rudi kwa mumeo, mama," alimwambia Anneth. "Nimeona kwa macho yangu. Vurugu zilikuwepo zamani, sasa ziwa limetulia."

Anneth alilia kwa nafuu aliyoipata. Kesho yake alfajiri Erica aliwafungia viazi vya njiani, wakaondoka.

Siku iliyofuata Janeth akaja kuyapasua mabomba. Tarsis, kifua mbele, akagonga kile kifuniko chekundu kwa kidole.

"Huku chini kulikuwa na vurugu kwelikweli, enzi hizo."

"Hapana, mzee," alisema Janeth. "Nyekundu tunaweka juu, tusije tukachanganya. Huku ndiko kwa sasa." Akalitazama lile bomba, na uso wake haukuwa wa mzaha. "Na ndicho kinachotutisha. Zamani ziwa lilikuwa kimya. Kadiri tunavyokaribia siku zetu ndivyo mteremko unavyozidi kuporomoka."

Kumbe lilitakiwa swali moja tu, na hakuliuliza! Tarsis alitoka nje akipapasa mifuko ya koti, akatoa simu, vidole vikawa vinakosea majina.

"Baba!" Anneth alipokea akicheka. "Yaani tulifika salama kabisa. Na ungekuwepo leo! Maji yamejivuta huko mbali, samaki wamebaki mchangani, wajukuu zako wanawaokota kwa mikono!"

"Anneth, achana na samaki! Shika watoto, pandeni mlimani! Sasa hivi!"

"Lakini Baba," alisema Anneth, na sauti yake bado ilikuwa ya raha, "si wewe uliyesema limetulia?"