Umekuwa Sugu

Majina ya watu nayashika yote, hata ya akina mama niliolala nao wodini. Humu siyaandiki, maana wengine hawapo tena. Lililonishinda siku ile ni neno moja tu, na ndilo lililoniponza.

Nilikuwa nimemaliza dripu nne za ile dawa nyekundu ya saratani. Nywele zimekwenda, kucha nyeusi, kila chakula kinanuka chuma. Mwanzoni uvimbe wa titi ulinywea, nikashukuru. Kisha ukarudi mgumu kuliko kwanza. Daktari, binti mdogo wa kuniamkia shikamoo, akaupapasa, akasema, "Bibi, umekuwa sugu. Tutabadilisha dawa. Njoo baada ya majuma matatu, usikose."

Mwanangu wa kwanza alikuwa mlangoni anamalizia simu, akadaka hilo tu: umekuwa sugu. Nami, darasa langu la tatu, nikaona nimekaripiwa, nikachukua kadi yangu nikatoka.

Nyumbani Bweranyange akamweleza wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye. Wifi akacheka.

"Hata daktari kakujua? Huyu ni sugu tangu siku tunamleta hapa. Muulize, ule mubirizi wa jikoni anaunywa nani?"

Mubirizi ni yale majani machungu. Nikamjibu nawawekea kuku kwenye maji wakiugua.

"Kuku wanne wanamaliza sufuria?"

"Sita. Na kama ningekuwa na wa kumnywesha, wifi, ningeanza na wewe, upunguze maneno."

Mwanangu hakucheka. "Mama, umechanganya dawa. Acha kwanza hiyo miti shamba, ndipo turudi hospitali."

"Sijanywa."

"Basi kwa nini waseme sugu?"

Swali hilo lilinichoma. Kila dripu nilikaa, nikatapika, nikarudi tena. Leo nahesabiwa mkaidi ndani ya nyumba yangu, na majuma yanakwenda. Uvimbe haukungoja nikiri kosa. Kila nikioga nauona umeongezeka.

Tarehe ikafika, hakuna aliyenitajia safari. Nikajifunga kitenge, nikachukua kadi yangu, nikatembea mpaka barabarani kungoja basi. Watu wakaanza, "Mama, peke yako na hali hiyo?" Mwanangu akaja mbio. Nadhani aibu ndiyo iliyomleta. Tukapanda basi.

Kwa daktari nikamwambia aingie, afunge mlango. "Muulize mwenyewe."

Akauliza, "Daktari, mama alikunywa nini hata akawa sugu?"

Binti akamtazama. "Nani kasema mama? Uvimbe ndio umekuwa sugu. Ile dawa iliua chembe dhaifu, zilizobaki zimeizoea. Mama hana kosa. Ndiyo maana tunamwekea nyingine, na mngechelewa tungekuwa tunaongea mengine."

Mwanangu akaangalia sakafu. Tukapelekwa chumba cha dripu. Muuguzi alinitafuta mshipa mara tatu, mikono yote imechoka kuchomwa, nikang'ata pindo la kitenge. Dripu ilipoanza kudondoka, hii nyeupe kama maji, mwanangu akavuta kiti karibu. Akamwuliza muuguzi tarehe ya nyingine, akaiandika kiganjani kwa kalamu.

Hasira zangu zilikuwa bado. Nikamwambia aandike na saa.