Bibi Aliyesali na Mlango Wangu

Kuna bibi alikuwa anakuja kila Jumamosi asubuhi kusali na mlango wangu.

Sijakosea kuandika. Na mlango. Mimi nilikuwa ndani, nimelala na nguo za jana, namsikiliza.

Anaanza, "Salamu Maria, umejaa neema..." Anafika pale mwenzake anapotakiwa kupokea. Ananyamaza.

Ananyamaza kabisa, muda uleule ambao mtu angetumia kuitikia. Halafu anaanza Salamu Maria nyingine, kana kwamba ameitikiwa vizuri tu.

Na nje yuko peke yake! Nikajisemea, huyu bibi akili zimeruka.

Ngoja niwaeleze nilifikaje hapo.

Naitwa Hyasinti, mkulima wa kahawa huku Mbinga. Mke wangu Marselina alikuwa mtu wa Ngumbo, kule ziwani. Aliugua, tukahangaika naye, akafa. Tulipomaliza kuzika, mama mkwe akamchukua binti yetu Glorious, akashuka naye Ngumbo. Akasema nipumzike kwanza.

Nikapumzika mpaka nikaganda.

Sikulia. Sikuwa na kitu ndani. Kahawa iliiva, ikakauka mitini, ikaanza kudondoka, mimi naiangalia tu dirishani. Ukinipa ugali, ukinipa mchanga, kwangu sawasawa.

Siku moja mama mkwe akapiga simu.

"Baba Glorious, mtoto siku hizi haongei. Shule zikifunguliwa shangazi yake anamchukua Songea, akamlee moja kwa moja. Kama unamtaka mwanao, njoo kabla."

"Sawa, mama."

Nikakata simu. Nikasubiri niumie. Wapi!

Jumuiya yetu walijitahidi, nisiwasingizie. Mwanzoni walikuja kundi zima, mwenyekiti Alphonce mbele. "Tumsifu Yesu Kristo!" Nikauchuna. "Hyasinti, jipe moyo, ndugu yetu!" Nikauchuna. Safari iliyofuata wakaja wachache. Kisha nikamsikia Alphonce hapo nje akisema, "Jamani, mtu haitiki hata salamu. Tutamlazimisha?"

Wakaacha kuja. Akabaki yule bibi. Sauti yake ilikuwa ngeni kwangu, na sikuamka kuchungulia ni nani.

Sasa Jumamosi moja, kwenye ile nafasi yake ya kimya, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Maria mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu..." Nilipofika "sasa na saa ya kufa kwetu," nikainuka, nikakaa kitandani.

Nikasubiri bibi ashangae. Aseme hata "Asante Yesu."

Hakusema kitu. Akaendelea kama kawaida.

Nikaitikia tena, kwa sauti. Nikapaza mpaka mbwa wa jirani akabweka. Bibi yuko na Salamu Maria zake tu.

Hapo nikakasirika. Kweli tena, nilikasirika, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuhisi kitu tangu mazishi. Nikafungua mlango.

Bibi mwembamba, amekaa juu ya ndoo yangu ameipindua, rozari mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona nakuitikia, unanichunia?"

Alikuwa ananitazama mdomo. "Sema taratibu nikuone. Masikio yangu yalishakufa zamani. Mimi ndiye Scholastica, mama yake Dunstan wa hapo chini. Nimehamia kwake juzi juzi."

Nikachuchumaa mbele yake, anione mdomo.

"Bibi, wenzako si waliacha kuja?"

"Waliacha. Nikajua wako kwenye kahawa, ndiyo msimu."

"Walichoka. Nilikuwa siitiki. Siku zote hizo, bibi. Nimeanza leo."

Akacheka, meno yake matatu yote nje. "Kumbe! Mimi nilijua unaitika. Mkristo yuko ndani anasikia sala, ataachaje kuitikia? Basi nikawa nakuachia nafasi yako."

Wenzake walisikia kimya changu, wakakata tamaa. Yeye hakukisikia.

Ndipo nikalia. Nililia pale mlangoni, mtu mzima, majirani wanaona. Bibi akanishika mkono, akasubiri. Nilipotulia tukamalizia rozari, mimi naitikia, yeye ananitazama mdomo.

Wiki ileile nikashuka Ngumbo. Mama mkwe alikuwa anaanika usipa, dagaa wa ziwa letu, na Glorious amekaa mkekani pembeni.

"Glorious mwanangu, baba amekuja."

Kimya.

Sikumwambia "hebu msalimie baba." Nilinyamaza muda ambao angehitaji kunijibu, kisha nikaendelea. Nikamwambia habari za paka wetu. Nikanyamaza. Nikamwambia kahawa imedondoka, na mwenye uzembe ni mimi. Nikanyamaza. Nikamwambia namkumbuka sana mama yake.

Hakunijibu hata neno. Ila alisogea kidogo, akaniachia nafasi kwenye mkeka.

Nikakaa.

Shule zilipofunguliwa, shangazi aliyekuja kumchukua alirudi Songea peke yake.

Ndugu yangu unayesoma, kama kuna mlango umeacha kuupitia kwa sababu wa ndani haitiki, rudi. Msalimie, kisha nyamaza kidogo umwachie nafasi yake. Mfuasi wa Kristo niliyemwona mimi kwa macho yangu alikuwa kiziwi, amekalia ndoo, na Jumamosi iliyofuata alirudi.