Breki za Salvatori wa Turwa

Salvatori Mseti wa Turwa akikusalimia, ujue ameshakukagua kuanzia viatu. Ndivyo alivyo. Nyama akinunua buchani, anaenda kuipima tena kwenye mizani ya jirani. Ukimletea maji ya kunywa, anakuangalia wewe kwanza, halafu maji. Na ile Probox yake nyeupe inayobeba abiria kutoka Tarime mjini hadi Nyamongo, hajawahi kumwachia mtu aiguse. Mafundi ndio kabisa! "Fundi anayekufungia nati leo," husema, "kesho anajua pa kuifungulia." Kwa hiyo anatengeneza kila kitu mwenyewe, uani kwake, geti likiwa limekomewa. Watu wa mtaa wanamcheka, naye anajiuliza wanacheka nini.

Sasa mtu wa namna hiyo, breki zikimkatalia mteremkoni, unadhani atasema ni bahati mbaya? Thubutu!

Zilimkatalia asubuhi moja gari likiwa na abiria. Alikanyaga, pedali ikazama hadi chini kama amekanyaga uji. Akashusha gia, akavuta handibreki, mama mmoja kiti cha nyuma akaanza kumwita Yesu kwa sauti, gari likaacha barabara na kwenda kusimama katikati ya mahindi ya watu. Hakuna aliyeumia. Lakini Salvatori alipolifikisha gari nyumbani, akafungua boneti na kumulika kikopo cha mafuta ya breki kwa tochi ya simu. Juu ya mafuta yale palikuwa na mafuta mengine, yamejitenga na kuelea kama yanavyoelea juu ya mchuzi. Hayakuwa ya breki hayo. Kuna mkono wa mtu ulioyatia.

Alichokiona hakumwambia mtu. Alisema tu kwamba breki zimechezewa. Alijua kwamba mwenye kosa, ukimwachia nafasi, atalitaja mwenyewe.

Na nani mwingine kama si Machage? Machage ni mdogo wake wa baba mmoja, mama tofauti, na hawajawa sawa tangu walipogawana ng'ombe wa marehemu baba yao. Siku chache kabla ya breki kukataa, Machage alikuja kusalimia. Boneti lilikuwa wazi, na Salvatori aliingia ndani kupokea simu. Alipotoka alimkuta mdogo wake ameegemea gari, anatabasamu. Anatabasamu nini? Kikulacho ki nguoni mwako, Salvatori akajisemea, na moyo wake ukapitisha hukumu hapo hapo.

Akampeleka kwa wazee. Wazee wakaitisha ritongo, mkutano wa watu wote wa eneo, Jumapili baada ya ibada. Machage akikana, atakula kiapo. Kwa Wakurya kiapo si mchezo. Ukiapa uongo kinakuzika, na ndugu wakishafikishana kwenye kiapo hawali tena sahani moja, wao wala watoto wao. Klementina, mke wa Salvatori, alimsihi asubiri kidogo.

"Unamtetea?" Salvatori aliuliza. "Kwa nini unamtetea?"

Klementina akarudi jikoni.

Ijumaa Salvatori alikwenda Sirari, mpakani, kununua vifaa. Alitaka breki ambazo hata adui akizitazama atakata tamaa. Alichukua pedi mpya, raba za masta silinda, mafuta mapya, na badala ya mipira ya kawaida ya kupitishia mafuta akachukua ile iliyofumwa nje kwa waya wa chuma. Muuzaji, kijana wa ng'ambo ya mpaka, aliapa kwa mamake kwamba ni original kabisa. Salvatori alikwaruza kwa kucha, akanusa, akaomba aletewe boksi jingine, kisha akachukua lile la kwanza.

Jumamosi akainua gari kwa jeki, akaweka magogo chini, akavua magurudumu. Mipira ya zamani ilikuwa imelegea kama utumbo. Raba za masta silinda, zinazosukuma mafuta ya breki, alizikuta zimevimba kwa mafuta yale mageni, kama maharage yaliyolowekwa. "Umeniweza, Machage," alinong'ona, "ila hujanimaliza." Alifunga vipya kimoja kimoja, kila nati akiirudia.

Ikabaki kutoa upepo kwenye breki, na hapo ndipo ubishi wake ulipogonga ukuta, maana kazi hiyo haina ujanja wa mtu mmoja. Mmoja akae ndani akanyage pedali, mwingine awe chini afungue skrubu ndogo, mafuta na upepo vitoke, afunge kabla mguu haujaachia. Salvatori alipitia majirani wote kichwani na kuwakataa wote. Akabaki mkewe. Kwake yeye, duniani alikuwa amebaki huyo tu.

"Kanyaga, Mama Gati. Shikilia. Haya, achia. Kanyaga tena."

Mafuta machafu yakawa yanashuka kwenye chupa. Wakaenda hivyo vizuri, gurudumu la kwanza, la pili. Kwenye la tatu, Salvatori akiwa amelala chali, kifua chake chini ya chasisi, akasema kanyaga na mguu haukukanyaga.

"Baba Gati," sauti ya Klementina ikatoka juu yake, "hayo ya zamani unayamwaga yote?"

"Yote. Kanyaga."

"Na ile kinga nayo inatoka?"

"Kinga gani?"

"Yale mafuta ya upako niliyotia."

Jamani! Miaka yote Salvatori amelinda geti, amelinda boneti, kumbe aliyetia mafuta ndiye amekaa juu yake, mguu kwenye pedali, na gari liko kwenye jeki. Alijivuta kutoka chini polepole, kwa mgongo, bila kupumua. Akasimama, akashika mlango wa gari.

"Unataka nife?"

"Nife mimi kwanza!" Klementina alishuka garini, machozi yameshamtoka. "Mchungaji alitaka kuja kuliombea gari, ukasema anakuja kupeleleza linalala wapi. Mimi nikuombee, unasema nakuroga. Kila ukiondoka silali, Salvatori, nasikiliza simu. Ulipofungua boneti siku ile, wewe na Machage mkiwa mnaongea barazani, nikaona kikopo kina kifuniko. Nikatia kidogo, nikakuombea. Na ulipopona kwenye mahindi yale nikasema, asante Bwana, mafuta yamefanya kazi."

Salvatori alitaka kupiga kelele, hasira zikakosa pa kwenda. Huyu mwanamke karibu amuue kwa kumpenda. Na kesho Machage anakwenda kuapishwa.

"Rudi ndani," alisema mwishowe. Akalala tena chini ya gari. "Kanyaga."

Jioni hiyo hiyo alikwenda kwa Machage, akamweleza yote amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Machage alisikiliza akichonga mpini wa jembe.

"Umenitaja mbele za watu," alisema. "Kanitoe mbele za watu."

Jumapili ritongo likajaa. Salvatori akasimama na kusema mdogo wake hana kosa, yeye ndiye aliyemshuku bure. Mzee Mogesi, msemaji wa wazee, akamkazia macho. "Kama si yeye, mura, kijana wangu, ni nani?"

Klementina alikuwa ameketi kwa wanawake, kitenge amejifunika hadi kidevuni. Salvatori akamtazama, kisha akawageukia wazee. "Ni mimi. Nilikosea mafuta."

"Anadanganya, tata Mogesi!" Klementina alikuwa ameshasimama. "Huyu hajawahi kukosea gari tangu nimjue. Ni mimi, nilitia upako."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Wazee nao walicheka, kisha wakakata shauri kwamba Salvatori atoe mbuzi, achinjwe, aliwe, yaishe. Machage peke yake hakucheka.

Walipokuwa wakitawanyika, Salvatori akamfuata. "Twende, nikupeleke nyumbani. Breki sasa zinashika hata ukizigusa kwa kidole."

Machage akalizunguka gari lile, akainama, akachungulia chini ya kila gurudumu, taratibu, kama alivyozoea kufanya kaka yake.

"Mbuzi nitakula," alisema. "Gari lako sipandi."