Kikombe cha Baba

Juzi niliona "strungi" kwenye ubao wa kibanda cha chai Kawangware, nikamkumbuka Mama.

Wakati wa zile fujo za uchaguzi maziwa hayakuingia Kibera, na moshi wa matairi ulinuka hadi ndani ya nyumba. Baba alikuwa ameenda kibarua Kawangware, hakurudi. Kila alasiri Mama alimwekea chai yake, akaifunika kwa kisahani.

"Mbona haina maziwa?" niliuliza.

"Hiyo ni strungi. Jina limetoka kwa 'strong' ya wazungu. Ukinywa unakuwa ngumu."

Alasiri moja jirani alikuja, wakanong'ona mlangoni. Mama akarudi, akafunua kile kikombe, akanisogezea.

"Kunywa. Ni yako sasa."

Niliimaliza yote kwa maringo, nikishangaa mbona yeye, aliyekunywa strungi kila siku, alikuwa analia.