Wametulipia Vyumba Viwili Nairobi na Mume Wetu ni Mmoja

Admin, nifiche jina, na majina niliyoandika humu nimeyabadilisha. Wasomaji, nawasalimu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, naishi karibu na Kebirigo, Nyamira. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa. Tunalima chai na ndizi. Kila jioni huandika tarehe na mambo ya siku, kwa hiyo ninayowaeleza sikisii.

Mimi ni mke wa kwanza. Mke wa pili, Mama Moraa, nyumba yake iko ng'ambo ya shamba la chai. Yeye hufanya biashara ya ndizi, anatoka asubuhi na kurudi jioni, na kwa sababu hiyo binti yake Moraa alikulia kwangu. Nilimwogesha, nikamfundisha kusoma, akala kwangu mpaka akamaliza shule. Ananiita Mama Mkubwa. Sasa ameolewa Nairobi na kijana mwenye uwezo, na mwezi uliopita alijifungua mtoto wa kiume.

Mkwe wetu alimpigia mume wangu simu, akamwambia waende kumwona mjukuu. Kwetu Wakisii wazazi wa msichana hawalali kwa mkwe wao, ni mwiko na ni aibu. Mkwe ni kijana mwenye heshima, akasema, "Mzee, chagueni hoteli mnayoipenda, hata ile ya watalii. Nitalipa mimi."

Mume wangu akaja kwangu na simu mkononi. "Mama Kerubo, wewe ndiye msomi wa boma hili. Tuchagulie."

"Nani wanaenda?"

"Mimi na mama yake."

Mama yake! Nilikuwa nachambua mboga, nikaendelea kuchambua. Kwa lugha yetu wivu wa wake wenza una neno lake peke yake, engareka. Mtu aliyelitunga neno hilo alikuwa amekaa nilipokaa mimi siku hiyo.

Lakini mimi nikipewa kazi siifanyi nusu. Jioni kadhaa nilipekua hoteli za Nairobi kwenye simu. Nilisoma maoni ya wageni mpaka macho yakauma. Moja ina bwawa la kuogelea juu ya paa. Nyingine ina kiamshakinywa cha meza nzima, unajipakulia mpaka ushindwe. Nyingine wanakuwekea joho jeupe laini la kuvaa ukitoka kuoga. Kila picha niliyofungua nilimwona Mama Moraa ndani yake, amekaa kwenye ukingo wa kitanda kile kipana, miguu kwenye zulia, na mume wangu anamuuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Mimi hajawahi kunipeleka hoteli yoyote isipokuwa ya chapati hapo Keroka, tukisubiri mvua iishe.

Nikachagua ile ya joho. Ni nzuri kweli, sikuwaonea. Msichana wa hoteli alipopiga simu kuuliza, "Mama, mngependa kitanda kimoja kikubwa au viwili?" nilimjibu haraka, "Viwili. Na viwe mbali."

Jumapili Mama Moraa akavuka shamba akaja kwangu, anatabasamu. "Mama Kerubo, eti huko sabuni wanatoa bure?"

"Wanatoa."

"Basi nitakuletea moja. Na ule mkoba wako mweusi niazime, nisiaibishe mzee."

Nikampa mkoba. Alipoondoka nilipasua kuni nyingi kuliko zinazohitajika.

Kesho yake Moraa akanipigia, anacheka mpaka anakohoa. "Mama Mkubwa! Hoteli wamenipigia kuthibitisha, wananiambia mama amesema vitanda viwe mbali. Nikajua ni wewe tu!" Niliona aibu. Naye akaacha kucheka, akasema polepole, "Kwa nini hukujiweka kwenye safari? Mtoto wangu ataogeshwa na nani kama ulivyoniogesha mimi? Nimeongea na mume wangu, ameongeza chumba cha pili. Njoo, tafadhali."

Ndugu zangu, nililia. Halafu machozi yakakauka nikafikiri: vyumba viwili, wake wawili, mume mmoja.

Nyumbani hili halina shida. Kila mmoja ana nyumba yake na jiko lake, mzee ana zamu zake, na hakuna anayemwona akiingia kwa mwenzake kwa sababu chai imeziba. Huko vyumba vimepakana, mlango kando ya mlango. Nilimuuliza mume wangu, "Baba Kerubo, wewe utalala wapi?"

Akakohoa. "Wewe ndiye unajua mambo ya hoteli. Panga."

Mama Moraa naye hakuchelewa. Alisimama mlangoni kwangu, mkoba wangu begani. "Mjukuu ni wa tumbo langu. Chumba cha kwanza ni nyumba yangu, na ulinichagulia wewe mwenyewe. Hicho kingine ni cha mgeni."

Mgeni! Mimi niliyemlea Moraa!

Nimefikiria kuomba chumba cha tatu, cha mzee peke yake. Lakini mkwe ataona boma letu limegawanyika, na hiyo ni aibu kubwa kuliko kulala kwake. Nikimweka mzee kwa Mama Moraa, nitakesha nikiwasikiliza ukutani. Nikimweka kwangu, nitakuwa nimemnyang'anya mwanamke furaha ya mjukuu wake wa kwanza, na Moraa atajua. Nikibaki nyumbani, nani atamwogesha yule mtoto?

Hoteli wanataka majina ya kila chumba kufikia Ijumaa, na simu iko kwangu. Msiniambie nisali, nimeshasali. Akina mama mlioolewa wawili, na wanaume pia, niambieni: jina la mume wangu niliandike kwenye chumba kipi?