Dobi Aliyezitia Nywele Zake Alama

Kisa hiki hamtakiamini, na aliyekiandika hatawalaumu. Alikwisha kukijaribu kwa watu wazima watatu waliokuwa kwenye foleni ya kinyozi. Wakamtazama kichwa, wakatazamana, mmoja akamwuliza kama leo amekula. Maana anayeandika ni mjomba wa mwanamke mwenye kisa hiki, kichwa chake kimebaki kama sahani iliyooshwa, na mwenye sahani akianza habari za nywele watu humsikiliza kama kuku anayeeleza habari za meno. Lakini elimu si kichwa kilicho nje. Mjomba alisoma mpaka darasa la sita, la saba akawaachia wenye shida nalo.

Mwanamke mwenyewe ni dobi. Anafulia hoteli ya vyumba arobaini, katika chumba cha chini kabisa ambako ngazi zinaishia. Humo mna mashine tatu, moja mbovu tangu siku ilipoletwa, meza ndefu ya kukunjia mashuka, na mpiga pasi mmoja ambaye mdomo wake una moto kuliko pasi. Dobi ana miaka thelathini na minne na mtoto mmoja wa kike wa miaka minane. Maneno hana. Maneno yote ya ukoo yalikwenda kwa mjomba.

Tangu akiwa mdogo aliambiwa na mama yake jambo moja, na aliambiwa bila huzuni, kama watu wanavyosema ukoo wetu tuna miguu mikubwa: nywele zetu hazioti. Zinafika sikioni, zinasimama. Za mama zilisimama sikioni. Za mama mdogo zilisimama sikioni, tena sikio kwa juu. Za mjomba zilianza safari vizuri tu, zikaghairi.

Alipokuwa na miaka tisa, mama alichoka kumchana, akampaka dawa ya kulainisha. Mama alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na siku hiyo alikuwa na sufuria jikoni. Maziwa yakafurika, akakimbilia maziwa. Aliporudi, nyuma ya sikio la kushoto la mtoto ngozi ilikwisha kuinuka. Pale hapajaota kitu mpaka leo, pana ukubwa wa kifungo cha shati. Dobi hana kinyongo na mama yake. Harufu ya ile dawa ndiyo hajaisahau.

Sasa ana mtoto wake, na mtaani wanamwita King'ora. Dobi huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na Jumapili pia zamu ipo, kwa hiyo kichwa cha mtoto ni kazi ya bibi. Kila Jumapili saa nne bibi huchukua kitana, na nyumba ya tatu kutoka hapo wanajua ni saa nne.

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza dobi alipewa mapumziko. Akamkuta mama yake ameketi kwenye kigoda, kitana mkononi kimebaki na meno saba, mtoto amejificha nyuma ya kabati.

"Huyu shule zikifunga mwisho wa mwaka nampeleka saluni," mama akasema. "Apakwe dawa, tupumzike. Mkono wangu umeisha."

"Mama, huyu hapana."

"Hapana ya nini? Hizo nywele zenyewe haziendi popote. Unamtesa mtoto kwa kitu kisichosafiri?"

"Zinaota, mama."

"Za nani?"

"Zetu."

Mama akamtazama kama anavyotazama chumvi mtu anaposema imekolea naye hajaionja.

Lakini dobi hakusema hivyo kwa ubishi. Mwaka uliokuwa umepita, mpiga pasi alimtania kwamba anafua rangi za watu wote ila yeye mwenyewe hana rangi, naye kwa hasira ya kimya kimya akaenda kupaka nywele zote nyekundu, shina hadi ncha. Zilikuwa zimefika sikioni. Miezi kumi baadaye, akijitazama kwenye kioo kidogo kilichogundishwa juu ya sinki la kazini, aliona nyekundu haipo. Hakukata nywele. Hakutumia dawa ya kutoa rangi. Na bado zilikuwa sikioni, nyeusi tupu.

"Rangi ya bei rahisi," mpiga pasi akatoa hukumu. "Imechuja."

"Ikichuja inafifia kote," dobi akasema. "Hii ilikuwa inapungua kutoka chini."

Akaenda kukunja mashuka. Katika shuka la nne akasimama. Miaka kumi na moja ya kazi ilimfundisha kwamba doa haliondoki peke yake. Ukiona doa limetoweka na hujalitia sabuni, shika kitambaa ukitazame juani: pana tundu, doa limeondoka na kitambaa chake. Basi nyekundu ilikwenda na nywele zilizoibeba. Na kama ile iliyobeba rangi imekwenda yote, hii nyeusi inayofika sikioni imetoka wapi? Imeota. Ilikuwa ikiota juu muda wote, ikikatika chini muda wote, na ukoo mzima umekaa katikati unasema haziendi.

Alimweleza mama hivyo hivyo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa haki.

"Mimi nimepika miaka ishirini na saba," akasema. "Sijasomea rangi. Nioneshe bega. Nywele za hapo juu ya sikio lako la kulia zikigusa bega kabla shule hazijafunga, mtoto wako nitamchana unavyotaka wewe, hata kwa unyoya. Zisipogusa, Jumamosi ya kwanza ya likizo tuko saluni. Kaka yangu huyu hapa ni shahidi."

Kaka yake alikuwa mlangoni anakula muwa, akakubali cheo.

Kilichofuata hakikuwa na miujiza, ingawa mjomba angependa iwepo. Kazini, kila nguo ya mgeni hushonewa uzi wa rangi ndani ya kola ili isipotee. Dobi akachagua kishungi kimoja juu ya sikio la kulia, unene wa penseli, akakipaka nyekundu chote. Ukikivuta kilikuwa na urefu wa kidole cha kati. Hiyo ndiyo alama yake. Nyekundu ikipungua, atajua nywele zinapotea wapi na lini.

Wiki ya tatu ikapungua. Akakaa akafikiri. Wiki hiyo hiyo kibarua mpya alitia sweta la sufu la mgeni pamoja na mashuka, maji ya moto, mashine ikazungusha kwa nguvu zake zote, na kilichotoka kingemtosha mwanasesere. Dobi akamwonyesha jinsi sufu inavyofuliwa: maji ya uvuguvugu, sabuni laini, unabonyeza husugui, hukamui kwa kupinda, huianiki kwa kuining'iniza. Alipokuwa akiongea akajisikia mwenyewe. Nywele zake alikuwa akizifua kama ovaroli. Sabuni ya mche, taulo gumu, msuguo, halafu kitana kinaingizwa kwenye nywele kavu kutoka shinani na kuvutwa mpaka kitu kikatike, na kilichokatika kilikuwa ni nywele.

Akapaka rangi upya kishungi kile, akaanza tena, safari hii kama sufu. Anaziosha kwa mafungu manne. Anazikausha kwa fulana kuukuu ya pamba. Fundo analitanzua kwa vidole, zikiwa bado mbichi na zina mafuta, akianzia nchani na kupanda juu, kama anavyotanzua matamvua ya shali. Kisha anazisokota kuwa mabutu manane, anayafunga kitambaa cha satini, anayasahau wiki nzima. Kuyasahau ndiko kulikomshinda zaidi, kwa sababu kila aliyepita alikuwa na la kusema.

"Dada, hicho kilemba unalea nini humo?" mpiga pasi aliuliza mwezi wa nne. "Kinatambaa?"

"Kinalala. Punguza sauti."

Mjomba naye hakukaa bure. Alimletea maji ya kitunguu, dawa aliyoivumbua mwenyewe kwa kusikia mtu akiieleza. Dobi, kwa heshima, akajipaka siku moja. Kesho yake chumba chote cha kufulia kilinukia, mpiga pasi akawa anasimama kila baada ya shuka moja kuuliza supu itaiva saa ngapi, na mgeni wa chumba namba kumi na tisa akarudisha foronya. Dobi hakumlaumu mjomba. Alimrudishia chupa tu, akiwa ameiosha.

Mwezi wa kumi nyekundu ilikuwa bado ipo. Lakini kwingine ncha zilikuwa zimeanza kupasuka na kujifunga vifundo vidogo kama mbegu za ufuta. Akachukua mkasi wa kazini, akapunguza kichwa kizima vidole viwili. Kishungi chenye alama hakukigusa.

"Umerogwa?" mjomba akamwuliza. "Zimebaki wiki sita, bega liko kule, wewe unarudi nyuma?"

"Zilizopasuka zitapasuka mpaka juu, mjomba. Ukiona shuka limeanza kuchanika ukingoni, unalikunja ukingo."

"Hili siyo shuka. Hiki ni kichwa cha mtoto wako."

"Najua ni kichwa cha nani," akasema, akaendelea kukata.

Siku yenyewe ikafika, Jumapili, dobi ameomba ruhusa kazini, shule zinafunga Ijumaa inayofuata. Mama aliketi kwenye kigoda. King'ora alikaa mkekani, ameshika kichwa chake kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu atakiomba. Dobi akafungua kitambaa, akafumua mabutu, na nywele, kama ilivyo tabia yake, zikajikunja zote zikapanda. Nyingi, nyeusi, zimejaa. Zikaishia sikioni.

"Haya," mama akasema. "Sikio lile lile."

"Zivute, mama."

"Bega linaguswa na nywele. Sikusema nywele zipelekwe begani kama mgonjwa."

"Mkono wa sweta nao hujikunja ukioshwa," dobi akasema. "Humwambii mwenye sweta amenunua la nusu mkono. Kamata kishungi hicho chekundu."

Mama akakishika kwa vidole viwili, akavuta taratibu. Kikatoka, kikatoka, kikapita shavu, kikapita taya. Kikasimama. Kutoka pale mpaka bega palikuwa na nafasi ya kidole kimoja. Shahidi aliinama akapima kwa kidole chake mwenyewe, na kwa uaminifu wake wote alitumia kidole kidogo.

"Kaka, toa mkono," mama akasema. "Hazikugusa."

Mtoto akaanza kuvuta pumzi za kulia. Dobi hakusogea.

"Nyekundu ni kiasi gani?" akauliza.

"Nini?"

"Iliyo nchani. Nilipoipaka ilikuwa ndefu kama kidole changu cha kati. Ipime."

Akanyoosha mkono, na mama akaweka kishungi juu ya kidole. Nyekundu ilifunika kidole chote, labda imepungua unene wa ukucha. Na juu ya nyekundu, mpaka kichwani, palikuwa na nyeusi ndefu kuliko kidole chenyewe. Mama akaitazama ile nyeusi muda mrefu, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mshono.

"Hii yote ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu."

"Ya kwako mwenyewe. Hukuunga."

"Vuta."

Akavuta. Dobi akasema ai.

Mama akaachia. Mkono wake ukapanda kwenye kitambaa alichojifunga yeye mwenyewe, ukakaa pale.

"Kwa hiyo na zangu zilikuwa zinaota," akasema.

"Zilikuwa zinaota, mama."

"Miaka sitini na mitatu."

"Ndiyo."

"Zikienda wapi?"

"Kwenye kitana."

Mjomba akakisukuma mbali kwa mguu kitana kilichokuwa mkekani.

"Bibi," King'ora akauliza, "tumeshinda?"

"Mmeshindwa. Kidole ni kidole." Mama akasimama, akaegemea ukuta kidogo kwa sababu ya magoti. "Ila Jumamosi mimi sina nafasi ya saluni. Wala Jumamosi inayofuata. Wewe njoo hapa ukae. Na wewe mama yake acha kusimama kama nguzo, nionyeshe hayo maji yanakuwa ya moto kiasi gani."

Alichukua saa nzima na nusu, anayejifunza akigombana na anayefundisha. Aling'ang'ania kuanzia shinani mara tatu, mara tatu dobi akamshika kifundo cha mkono na kumrudisha nchani. Saa tano kasoro mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, anauliza kama mtoto ni mgonjwa, maana leo hawajamsikia na wamechelewa kuweka maharage jikoni.

Huu sasa ni mwaka wa pili. Mtoto huchanwa anaimba, ingawa sauti ni ile ile, kwa hiyo majirani hawajapata nafuu. Bibi yake anafuga zake chini ya kitambaa na hataki ziulizwe. Na za dobi mwenyewe, mwenye macho haambiwi tazama. Bega zilikwisha kulisahau. Zimeshuka mgongo, zimekata kiuno, akitaka kukaa lazima azikusanye mkono mmoja asije akazikalia, na juzi pale hotelini zilinaswa kwenye mlango wa mashine ile mbovu, ikabidi waitwe wanaume watano na—

"Mjomba, mlango gani huo?" Dobi amesimama nyuma ya kiti, ameshika kikombe cha chai alichokuwa akimletea, na kumbe amesoma ukurasa wote. "Futa. Andika zimefika kwapani. Tena andika nikizivuta."